Uyoga Aliyemshtaki Mvua

Elisabethville, Cité Albert
Jumapili, 4 Novemba 1951

Mvua ya kwanza imenyesha leo saa tisa alasiri, nami nimefungua daftari hili. Padri alituambia sisi makarani kwamba mtu anayetaka kuendelea aandike kila siku, hata mistari miwili, ili aichunguze tabia yake. Basi naichunguza. Jina langu ni Godefroid Kalaba, umri miaka thelathini na minane, karani wa bohari ya reli, mume wa Honorine. Sinywi siku za kazi, sipigi kelele, na viatu vyangu vinang'aa hata wakati wa tope. Nimejichunguza tangu mchana, na mpaka sasa sijaona kasoro kubwa.

Jambo moja tu linaninyima raha, nalo linakaa nyumba ya pili upande wa kushoto. Linaitwa Chomba, fundi wa matofali. Mimi na yeye tumetoka kando ya mto Luapula, upande wa Kasenga. Mimi ni wa ukoo wa Uyoga, yaani Bowa. Yeye ni wa ukoo wa Mvua, yaani Mvula. Kwa desturi yetu Uyoga na Mvua ni watani, kwa lugha ya kwetu banungwe. Mmoja anaweza kumtukana mwenzake atakavyo, kumnyang'anya kofia, kumwita mtumwa wake, na aliyetukanwa haruhusiwi kukasirika. Akikasirika, yeye ndiye mkosaji, naye hulipa kuku. Ni desturi ya wazee. Naiheshimu sana, ila ningependa ikae hukohuko kwa wazee.

Leo matone yalipoanza kupiga mabati, Chomba alisimama barazani kwake akaita mpaka mtaa wa tatu wakasikia: "We Bowa! Toka inje! Baba yako ananyesha, kuya uote!"

Majirani walicheka. Mimi nilifunga dirisha. Neno langu la leo: mwenye adabu hujulikana kwa kunyamaza.

Jumatano, 7 Novemba

Mvua. Kazi. Mvua.

Ijumaa, 9 Novemba

Honorine amenunua kikapu cha uyoga sokoni, ule mpana kama sahani. Harufu ilimfikia Chomba kwake, naye akaegemea ua wetu. "Mama Honorine! Bayaya ba bwana yako beko mu sufuria! Eeh, bantu ba Bowa, banakula ndugu yabo, hata sala hapana!"

Honorine alicheka hadi akaangusha mwiko. Nilimwuliza kama hiyo ndiyo heshima ya mke kwa mumewe. Akajibu, "Baba Lucien, unataka chumvi ao hapana?"

Nilikula. Ulikuwa mtamu, kwa bahati mbaya.

Jumatatu, 19 Novemba

Barua imefika! Ombi langu la kadi ya sifa ya kiraia limekubaliwa kuchunguzwa. Tume itakuja nyumbani Jumatano, tarehe 12 Desemba, saa kumi jioni. Wataangalia meza, vitabu, kitanda, namna mke anavyojibu, na namna mtu anavyoishi na jirani zake. Mwenye kadi hiyo huhesabiwa mbele ya serikali kuwa mtu aliyestaarabika. Kumi na sita tu kazini kwetu tumeomba.

Nimenunua uma sita. Honorine ameniuliza za nini, maana sisi tuko wawili.

Jumatano, 28 Novemba

Honorine anajifunza uma. Anasema samaki wa siku hizi wameongeza miiba.

Jumapili, 2 Desemba

Baada ya misa nilimwomba Chomba kwa upole asifike kwangu tarehe 12. Nilimweleza jambo lenyewe lilivyo zito. Alinisikiliza akiwa na mtoto wake wa mwisho begani, kisha akasema, "Bowa, siku ya bageni ndiyo siku ya kunyesha muzuri."

Sikuweza kujua kama hilo lilikuwa ndiyo au hapana. Huyu mtu hana jibu moja hata mvua yenyewe ikimwuliza. Neno la leo: tabia ya mtu hupimwa kwa majirani anaowavumilia.

Jumatano, 12 Desemba

Tume imekuja.

Walikuja watatu kwa saa yao: Wazungu wawili, mmoja mzee na mmoja kijana, na katibu wao, Mwafrika mwenzetu aliyekwisha kupata kadi. Walihesabu vitabu vyangu, saba. Walimwuliza Honorine anawezaje kutunza nyumba safi hivi wakati wa tope, naye akajibu kwa Kifaransa kifupi alichojifunza kwa masista, vizuri kabisa, nikamwonea fahari. Tulikunywa chai. Mzungu mzee alianza kusema "très bien", vizuri sana.

Hapo Chomba akaingia bila kubisha hodi, suruali imeganda saruji. Akakalia kiti changu. Akawaambia wageni kwa furaha, "Karibu kwangu, bakubwa! Huyu Kalaba ni mutumwa wangu. Ni miye ninamuotesha." Kisha akachukua gilasi ya maji mezani akanimwagia kichwani, polepole, kama mtu anayemwagilia kabichi. "Voilà. Sasa ataota muzuri."

Mzungu kijana alicheka. Mzee hakucheka. Katibu akanitazama: "Monsieur Kalaba, unaruhusu mtu akufanyie hivi ndani ya nyumba yako? Huyu ni nani?"

Lilihitajika neno moja tu. Ningesema: ni mtani wangu, ndiyo desturi yetu, na wote wangecheka. Neno hilo nilikuwa nalo mdomoni. Lakini nilimwona Chomba jinsi alivyo, miguu mitupu juu ya sakafu ya Honorine, nikaona haya kuwa ndugu yake kuliko nilivyoona haya ya kulowa. Nikasema, "Ni jirani tu. Simjui vizuri."

Hakuna jogoo aliyewika, ilikuwa saa kumi na nusu jioni. Chomba aliirudisha gilasi pale alipoitoa, katikati ya kisahani chake, akatoka.

Alhamisi, 13 Desemba

Nimeandika mashtaka kwa mahakama ya mtaa wetu, tunayoiita tribunal, kurasa mbili za Kifaransa. Kosa: matusi na fedheha mbele ya watu. Nimetumia neno "nonobstant", yaani "licha ya", mara mbili. Nimeyapeleka mwenyewe, na nakala nimempa katibu wa Tume, aliyenipa mkono akasema hivi ndivyo anavyofanya mtu aliyeendelea.

Neno la leo: ujasiri ni kudai haki yako kwa mwandiko mzuri.

Alhamisi, 20 Desemba

Jioni Chomba alisimama mlangoni. Alibisha hodi. Tangu tumfahamu hajawahi kubisha.

"Monsieur Kalaba, bonsoir," akasema. "Polisi alileta papier kwangu. Nilimwambia, bwana, unapotea nyumba. Akasoma jina. Ni juu ya ile maji?"

Nilimwambia shauri liko mbele ya mahakama, haifai tulizungumze.

"Bon. Miye nilisikia papier, nikacheka sana. Nikasema kwa Germaine: bibi, mwisho Bowa naye amejifunza utani! Na utani mukubwa, wa kuandika!" Alinitazama usoni kama anayengoja mtu amalize mzaha wake. "Donc ulikasirika kweli-kweli?"

Nikasema ndiyo.

"Bon," akasema tena. Akavaa kofia, akaenda.

Jumanne, 25 Desemba

Noeli. Chomba amenisalimia vizuri: "Bonne fête, Monsieur Kalaba." Benchi letu kanisani lilikuwa na nafasi nyingi.

Alhamisi, 3 Januari 1952

Leo nimejua jambo ambalo sikulifikiri. Polisi walipompelekea karatasi waliomba pia kitabu chake cha kazi. Hakina muhuri tangu Oktoba. Bila shaka hakina! Nani anajenga kwa matofali wakati wa mvua? Kila mwaka hukaa hivi hadi Aprili na hakuna anayemwuliza. Sasa ameulizwa. Akionekana na kosa siku ya kesi, tarehe 24, atahesabiwa mtu asiye na kazi mwenye fujo, naye atapandishwa lori pamoja na mkewe Germaine na watoto wanne kurudishwa Kasenga. Mkubwa wao yuko darasa la tano. Hawana nyumba huko.

Sikuomba hayo. Nilitaka tu akemewe. Nilikusudia kumpiga mtu kofi, nimempiga kwa nyumba nzima.

Jumatano, 9 Januari

Mvua haijakoma siku nne. Honorine anapika, anaweka uma kulia na kisu kushoto, haniambii neno. Nimemwambia kwamba kisu huwekwa kulia. Ameviacha hivyohivyo. Chomba amenisalimia vizuri.

Jumapili, 13 Januari

Leo Honorine amesema. Nitaandika yote, maana daftari hili halina kazi kama haliandiki hili.

Tulikuwa tumerudi kutoka misani. Nilikuwa nikipiga viatu rangi na kumweleza, kwa mara ya tatu nadhani, kwamba sheria ni sheria na mimi sikuitunga. Aliweka sufuria chini.

"Baba Lucien," akasema, "nani alichimba kaburi ya Lucien?"

Miaka mitatu iliyopita mwanetu Lucien alikufa kwa homa ya mapafu mwezi wa Februari. Alikuwa na miaka sita. Kwa desturi yetu mtani ndiye anayechimba, kwa sababu sisi wenye msiba hatuna nguvu, na yeye haruhusiwi kulia. Kaburi lilikuwa linajaa maji. Chomba alikuwa ndani mpaka kiunoni, akiyatoa kwa ndoo, akiitukana mvua, ukoo wake mwenyewe, kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika.

"Ulikaa siku tatu pa mukeka," akasema Honorine. "Hapana kula, hapana kunywa. Padri alikuya, mukubwa yako ya kazi alikuya, bote banakuambia vile: courage, courage. Hukubasikia. Nani alikuamusha?"

Chomba alikuwa ameingia akiwa na tope mwili mzima, akavaa kofia yangu nzuri ya Jumapili, akaanza kutembea chumbani kama mimi, mgongo wima, pua juu, akiwaamuru waombolezaji wapange viti kwa alfabeti. Nilicheka. Mwanangu alikuwa na siku tatu ardhini, nami nikacheka, nikamchukia Chomba kwa kunichekesha, na katikati ya kicheko ndipo machozi yalipotoka, ya kwanza. Kisha nikaomba chakula.

"Pale ulikuwa unamujua muzuri," akasema Honorine.

Halafu akachukua sufuria akaenda nje. Nimekaa na kiatu kimoja cheusi na kimoja cha tope hadi saa ya chakula. Nimeichunguza tabia yangu miezi miwili kama mtu anayejitazama kwenye kioo kidogo cha kunyolea: nilikuwa nikiona kidevu tu.

Jumatano, 16 Januari

Dhoruba kubwa. Ukuta wa shule ya misioni umeanguka. Hakuna aliyeumia, watoto walikuwa wametoka.

Alhamisi, 17 Januari

Nimekwenda mahakamani kuiondoa barua yangu. Karani wa huko ni mtu ninayemfahamu, tunapeana wino. Alicheka: "Kalaba, weye ni karani, unajua. Papier inaingia, haitoke." Lililobaki ni kusema siku yenyewe, kwa mdomo, mbele ya watu. Na katibu wa Tume ameitwa kuwa shahidi wangu.

Naogopa. Nilidhani mwoga ni mtu anayekimbia simba. Kumbe mtu anaweza kukaa maisha yake yote asikutane na simba, na bado akawa mwoga kila siku, kwa adabu, akiwa amechana nywele.

Jumatano, 23 Januari

Sijui nitasema nini. Nimeandika hotuba mara nne. Zote nzuri. Zote zinanisamehe mimi.

Alhamisi, 24 Januari

Chumba cha mahakama kilijaa, mtaa wetu wote ulikuja na viatu vya tope. Hakimu, Bwana Stanislas, ni mtu wa Kasai, makini, asiyejua mila za kwetu. Katibu wa Tume alikaa mbele, daftari gotini. Germaine alikuwa karibu na mlango na watoto wanne, wote wamevaa nguo za Jumapili, kana kwamba safari ilikwisha kuamuliwa.

Hakimu akamwuliza Chomba, "Ulimwaga maji pa kichwa ya huyu bwana?"

"Nilimwaga."

"Ulimwita mutumwa?"

"Nilimwita."

"Juu ya nini?"

Nilingoja aseme neno utani. Lingemsaidia. Hakulisema. Alitazama sakafu akasema, "Bwana juge, ile jibu inaomba bantu babili. Miye niko peke yangu."

Hapo nilielewa. Utani hauna shahidi ila mtani. Mmoja akiukana, mwingine anabaki mtu tu aliyemwagia mwenzake maji. Chomba hakutaka kunilazimisha niwe ndugu yake.

Hakimu akanigeukia mimi, mshtaki. Nilisimama nikaanza Kifaransa, hotuba ya nne. Akanizuia: "Sema Swahili, bantu bote basikie." Hotuba ilikuwa ya Kifaransa yote. Nikaikunja.

"Bwana hakimu," nikasema, "huyu namjua vizuri. Ni mtani wangu, yeye ni Mvua na mimi ni Uyoga. Maji aliyonimwagia ni haki yake. Siku ile niliulizwa huyu ni nani, nami nilimkana, kwa sababu niliona haya. Ndiye aliyemzika mwanangu." Nikaitia hotuba mfukoni. "Kwa desturi yetu Chomba hana kosa. Kosa ni la anayekasirika. Nilikasirika. Naomba unihukumu mimi."

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, kisha chumba kizima. Hawakunicheka kwa ubaya wote, lakini walinicheka. Katibu wa Tume alifunga daftari lake.

"Unaleta mashtaka kwangu," akasema hakimu, "ili nikuhukumu weye mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Kwa azabu gani?"

"Kuku mmoja."

Hakimu akamwinamia mzee wa baraza wa upande wa Luapula aliyekaa pembeni yake. Mzee akasema bila kufungua macho, "Ni kweli. Moja. Na eko wa kutaga." Hakimu aliandika hivyo hivyo: mshtaki Kalaba Godefroid atalipa kuku mmoja wa kutaga. Kuhusu kitabu cha kazi, akampa Chomba siku tatu kupata muhuri.

Nilitoka nje, mvua ikininyeshea, na sikufungua mwavuli. Aibu niliyoiogopa miaka yote nimeivaa sasa, na naona inanitosha, hainibani popote.

Ijumaa, 25 Januari

Asubuhi na mapema nilikwenda kwa Padri. Ukuta wa shule ungali chini, nami namjua fundi anayeweza kujenga chini ya turubai. Padri alikuwa amekwisha kusikia habari za kuku, macho yake yalicheka. Saa tano kitabu cha Chomba kilikuwa na muhuri.

Jioni nilimpelekea kuku, mweusi, wa kutaga. Alimpokea kwa mikono miwili.

"Merci, Monsieur Kalaba," akasema.

Jumatano, 30 Januari

Chomba amenisalimia vizuri.

Jumatatu, 4 Februari

Amenisalimia vizuri.

Ijumaa, 8 Februari

Barua ya Tume: ombi langu linaahirishwa miaka miwili, "hadi mhusika atakapoonyesha msimamo thabiti zaidi". Nilimsomea Honorine tukiwa mezani. Akaweka uma kando, akamshika samaki kwa vidole, akaniwekea kipande kinono. Nikala kwa vidole mimi pia. Iliniuma barua ile, sitadanganya. Lakini si kama linavyoniuma lile "Monsieur", yaani "Bwana", la Chomba.

Jumapili, 17 Februari

Mvua kubwa. Nilikaa barazani kusudi. Alipita na mfuko wa misumari. Akainua kofia.

Jumanne, 26 Februari

Leo nimemwambia Honorine kwamba Chomba amenisamehe, kwa sababu ana adabu sana siku hizi. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Adabu ni ya bageni," akasema. "Unamungojea nini? Ulimufunga mudomo ni weye. Kuenda, umufungue."

Nimewaza siku nzima. Mimi sijawahi kumtania mtu. Tangu tujuane, yeye hunitupia nami hupokea, kama ukuta. Hata hapo nilikuwa na kiburi: nilidhani kutotania ni heshima, kumbe nilikuwa namwachia kazi yote ya undugu aifanye peke yake.

Jumapili, 9 Machi 1952

Nilijitayarisha wiki nzima. Niliandika, nikafuta, nikaandika.

Baada ya chakula nilikwenda. Barazani kwa Chomba palikuwa na wageni, shemeji yake na watu wawili kutoka Kambove, na Germaine akimenya mihogo. Nilitamani kurudi. Nikasimama mbele ya ngazi, nikatoa karatasi mfukoni, nikasoma kwa sauti ambayo haikuwa yangu:

"We Mvula! Ninyi watu wa Mvua mnajisifu bure. Kwa hesabu ya kituo cha hali ya hewa, Februari mwaka huu mmepungua milimita kumi na nane kuliko mwaka jana. Ofisi yenu ni ya wavivu. Mkuu wenu afukuzwe, na kitabu chake kisipigwe muhuri."

Hakuna aliyecheka. Kisu cha Germaine kilisimama kwenye muhogo. Mgeni mmoja wa Kambove alimwuliza mwenzake kama mimi ni mtu wa serikali.

Chomba aliinuka. Akashuka ngazi moja moja, akaichukua ile karatasi, akaitazama mbele na nyuma. Niliona shavu lake linacheza.

"Uliandika?" akauliza.

"Ndiyo."

"Siku ngapi?"

"Sita," nikasema.

Akawageukia wageni, akainua karatasi juu ili wote waione. "Bantu bote, mulisikia na masikio yenu, muko bashahidi. Ile ya maji, hapana kosa, juge mwenyewe alisema. Lakini utani mubaya vile, wa milimita!" Kicheko kikamshinda, akanishika bega kwa mkono wake wenye magamba ya saruji, akanitikisa. "We Bowa! Safari hii, miye ndiye ninakupeleka ku tribunal!"